SOMO: Kurudi kutoka kisiwani kwa boti mpaka ndege ya ndani bila kuachwa njiani

Wakuu habari zenu. Hili somo ni la kurudi tu, la kwenda sitaligusa maana kwenda ukichelewa hasara yake ni nusu siku ya kuogelea basi, ila kurudi ukichelewa boti, ndege ndogo inakuacha, na ile kubwa ya kukurudisha kwenu nayo inakuacha, halafu wewe uko gatini na begi linanuka chumvi unaanza kupigia watu simu. Shida yote inatoka sehemu moja: ndege inafuata saa, boti inafuata bahari, na wewe umeziunga pamoja. Kwahiyo karibu kila kitu hapa chini ni kuipa boti nafasi ya kuchelewa bila wewe kuumia.

Hatua ya 1: Panga kuanzia mwisho

Chukua ile safari ya mwisho kabisa, yenye tiketi iliyokuuma mfukoni, alafu rudi nyuma. Tuseme ndege ya kimataifa inaruka saa 4 usiku (22:00). Pale unatakiwa masaa matatu kabla, yani saa 1 usiku, na mimi naweka mengine manne juu yake kwa ajili ya mizigo kuchelewa, kuhama jengo na foleni, kwahiyo ndege ya ndani iwe imeshatua saa 9 alasiri (15:00). Ndege yenyewe lisaa limoja, basi inaondoka saa 8. Uwanjani ufike saa 6 mchana. Kutoka gatini mpaka uwanjani lisaa, boti lisaa, na lisaa lingine la dharura, hapo boti yako ni ya saa 3 asubuhi. Ndo hesabu yenyewe, haina uchawi. Kumbuka kaunta nyingi za ndege za ndani zinafungwa dakika 30 mpaka 45 kabla ya kuruka, ukija zimeshafungwa utaiona ndege kwa dirisha imesimama palepale, ngazi iko chini, na hupandi.

Kuna kitu kimoja kwenye hii hatua sibadilishi hata nikibembelezwa: usikate boti ya mwisho wala ndege ya mwisho ya siku. Boti ya saa 3 ikigoma kuwaka bado kuna ya saa 5, ila ya mwisho ikigoma umelala. Na kama ndege ya kimataifa iko kwenye tiketi tofauti, lala usiku wa mwisho upande wenye uwanja wa ndege. Najua mtasema unapoteza usiku mmoja wa kisiwani, sawa, lakini huo usiku wa kisiwani mwenyewe ungekuwa unaangalia upepo kila nusu saa.

Hatua ya 2: Jua uwanja wako ni upi

Linaonekana la kitoto ila linaliza watu wazima. Jina la kisiwa kwenye tangazo sio lazima liwe jina la uwanja. Mfano ni Boracay kule Ufilipino, kisiwa chenyewe hakina uwanja, unavuka kwa boti kama robo saa kutoka Cagban mpaka Caticlan, na uwanja wa Caticlan uko pua na mdomo na gati. Ila ndege nyingine zinatua Kalibo, ambako ni karibu kilomita 70 kwa barabara, kwa gari kama lisaa na nusu mpaka mawili, na jina la Boracay utalikuta limebandikwa pembeni ya viwanja vyote viwili. Mtu anasoma Boracay anaridhika anaenda kunywa dafu. Alafu kipindi pepo za kusini magharibi zinapiga, kuanzia kama Juni mpaka Oktoba, boti zinaweza kuhamishiwa magati mengine kabisa, upande wa kisiwani Tambisaan na upande wa pili Tabon, kwahiyo hata ulipoteremkia sio lazima ndo utakapopandia. Uliza siku moja kabla.

Na tiketi inaandika saa za kila uwanja. Indonesia ina kanda tatu za saa, Bali iko saa moja mbele ya Jakarta, so usishangae ndege ya karibu masaa mawili kwenye tiketi inaonekana ya lisaa moja ukaanza kupanga mambo kwa kujidanganya.

Hatua ya 3: Isome bahari kabla haijakusoma

Sehemu nyingi za joto upepo unaamka mchana jua likishapasha nchi kavu, kwahiyo boti ya asubuhi inateleza na ya saa 9 alasiri inarukaruka, tena bahari ileile. Hiyo peke yake ni sababu tosha ya kukata ya asubuhi.

Kingine ambacho wageni wa bahari hawakijui ni maji. Muda wa kujaa na kupwa unasogea kama dakika 50 kila siku, sasa zidisha kwa siku saba, unapata karibu masaa sita. Maana yake sehemu ambazo maji yanajaa mara mbili kwa siku, kama ulifika Jumamosi saa 3 asubuhi maji yako mpaka kwenye ngazi ukashuka na viatu vyako vikavu, Jumamosi inayofuata saa 3 hiyohiyo maji yamekimbia, boti imesimama kule mbali na wewe unavuka na begi kichwani miguu kwenye majani ya bahari. Kipindi cha bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, yanakimbia mbali zaidi. Muulize nahodha siku hiyo tutapandia wapi, na uvae kandambili, viatu viweke kwenye begi.

Ugiriki wao maji hayapandi wala kushuka sana, shida yao ni upepo wa kaskazini wanaouita meltemi, Julai na Agosti ndo wenyewe, yani katikati ya msimu wa likizo. Mamlaka ya bandari inapiga marufuku vyombo kutoka na hakuna cha kubembeleza. Boti za mwendo kasi ndo zinazuiwa kwanza, meli kubwa zinaendelea kidogo, kwahiyo ukiona upepo unatabiriwa hamia meli kubwa mapema hata kama inatumia masaa mengi.

Na nahodha akisema leo hatoki, usimchangie hela ili atoke.

Hatua ya 4: Tiketi moja au vipande

Kama ndege ya ndani na ya kimataifa ziko kwenye tiketi moja, ya kwanza ikichelewa ni jukumu la shirika kukutafutia nyingine. Zikiwa vipande, shirika la pili linakuhesabu kama mtu ambaye hakutokea, halijui habari za boti wala ndege ndogo. Ila angalia na upande wa pili wa shilingi: kwenye tiketi moja usipopanda kipande cha kwanza, mashirika mengi yanafuta na vilivyobaki, kwahiyo usijifanye mjanja ukaruka ndege ya ndani ukaenda kwa basi bila kuwaambia. Boti yenyewe karibu kila mara ni kipande chake peke yake, na hapo ndo bima ya safari inaingia, soma kipengele cha kukosa usafiri kwa sababu ya chombo cha umma kuchelewa, nyingine zinataka ushahidi wa maandishi kutoka kwa wenye boti. Uombe palepale gatini, ukishafika nyumbani hakuna atakayekuandikia.

Hatua ya 5: Mizigo

Ndege ndogo kama Cessna Caravan au Twin Otter mara nyingi zinakubali kilo 15 kwa mtu, mara nyingine na begi la mkononi humohumo. Na sio kilo tu, umbo pia, sanduku gumu la magurudumu haliingii vizuri kwenye sehemu ya mizigo, wanataka begi laini linalobonyea. Nguo mbichi ndo adui namba moja, taulo na jinsi zilizolowa zinaongeza uzito kama umebeba mawe, kwahiyo kuogelea kwa mwisho ni jana yake mchana, anika, kunja. Kila kitu cha umeme kwenye mfuko wa plastiki unaofungwa, maana kwenye boti za wazi maji hayaji kutoka juu, yanakuja kutoka ubavuni tena kwa ndoo.

Hatua ya 6: Kwenye boti

Pasi, dawa, simu, hela na chaja viwe kwenye kibegi kidogo ambacho hakitoki mwilini, hata baharia akisema lete nikusaidie. Begi kubwa lipige picha likiwa kwenye rundo. Kaa katikati au nyuma kuelekea tezi, huku mbele kwenye omo ndo kunapiga sana. Laifu jaketi vaa ukiwa bado gatini na ufunge kamba zote, za watoto omba za watoto, ya mtu mzima inamchomoka mtoto kichwani akiingia majini.

Hatua ya 7: Kiwanja kidogo

Hapa pafupi tu. Fika mapema hata kama kiwanja ni kibanda na mzani, chekini kwa mtandao ukiwa bado una waifai ya hotelini, piga skrinshoti ya bodi pasi, na ukae unaposikia wakiita majina maana spika hakuna, anakuja mtu mlangoni anaita mara mbili basi.

MASWALI

Swali: Mkuu nimeenda kupiga mbizi na mtungi, ratiba inaniruhusu kuzamia asubuhi na ndege ni saa 10 jioni siku hiyohiyo. Ndege yenyewe ndogo inaruka chini chini, si haina shida?

Jibu: Ina shida ndugu yangu. Ukizamia, naitrojeni inayeyuka kwenye mwili, ukipanda juu hewa inakuwa nyepesi na ile gesi inatoka kama mapovu kwenye viungo na damu. Mwongozo wa wapiga mbizi ni angalau masaa 12 baada ya mbizi moja ya kawaida, 18 kama umezamia mara kadhaa au siku kadhaa mfululizo, na wakufunzi wengi wanasema 24 ili ulale usingizi. Huo mwongozo unahesabika kuanzia kimo cha futi 2,000, kwahiyo kuruka chini chini hakukuokoi. Siku ya mwisho ogelea juujuu tu na miwani, bila mtungi.

Swali: Dada mjamzito wa miezi saba anaweza hii safari?

Jibu: Ndege mara nyingi inawezekana, mashirika mengi yanamkubali mwenye mimba ya mtoto mmoja mpaka wiki ya 36 na kuanzia wiki ya 28 yanataka barua ya daktari. Mimi wasiwasi wangu ni boti ya mwendo kasi, ile kupigapiga ni mbaya kwa mjamzito na kwa mwenye mgongo, watu wamevunjika pingili kwa kukaa mbele boti ikiruka wimbi. Atafute feri kubwa hata kama ni ya polepole, na daktari wake aambiwe wazi kwamba kuna boti, asiambiwe ndege tu.

Swali: Pawabenki yangu ni ya 20,000, wataichukua?

Jibu: Hapana, ilimradi iko mkononi na sio kwenye begi la kupakia. 20,000 (ile mAh iliyoandikwa juu yake) ukiigeuza ni wati saa 74, na kikomo cha kawaida bila kuomba ruhusa ni 100. Kati ya 100 na 160 unaomba ruhusa ya shirika, juu ya hapo iache nyumbani. Kwenye ndege ndogo wakikunyang'anya begi la mkononi dakika ya mwisho wakaliweka nyuma, itoe kwanza.

Swali: Nikipima mzigo wananipima na mimi mwenyewe mbele za watu, ni lazima kweli? Mimi mama wa watu wazima jamani.

Jibu: Pole mama, ni lazima. Ndege ya watu 12 kila kilo inahesabika, ya kwako na ya jirani, na ndo maana wakati mwingine wanakupangia kiti badala ya kuchagua. Vijana wa mzani huwa hawatangazi namba, wanaandika tu wanaita anayefuata.

Swali: Mimi niko Maldives, ndege yangu ya kutoka ni saa 8 usiku, hotelini wanataka niondoke kisiwani jana yake mchana. Wananiibia masaa?

Jibu: Hawakuibii, ndege za kutua majini kule zinaruka mchana tu, jua likizama zimelala. Ukitaka kutoka usiku inabidi uwe kwenye kisiwa kilicho karibu na Malé ambacho wanatumia boti. Hiyo ulize kabla ya kulipia hoteli, sa hivi ushachelewa, muulize kama wana sehemu ya kuoga na kupumzikia uwanjani.

Swali: Kichefuchefu cha baharini kinaniua, dawa nimeze tukishaanza kwenda?

Jibu: Ukishaanza kutapika haisaidii, meza lisaa limoja kabla, na muulize mfamasia maana nyingi zinalevya usingizi na wewe una ndege mbele. Angalia mstari wa upeo wa bahari, simu weka mfukoni.

Swali: Laifu jaketi ya kwenye ndege nayo niivae mapema kama ya boti?

Jibu: Kuivaa ukiambiwa sawa, ila USIIJAZE upepo ukiwa ndani ya ndege. Mwaka 1996 ndege ya Ethiopian iliyotekwa ikaishiwa mafuta ilitua baharini karibu na Ngazidja, Komoro, walikuwemo watu 175 wakafa 125, na baadhi yao walijaza jaketi ndani, maji yalipoingia yakawanyanyua mpaka kwenye dari wakashindwa kupiga mbizi kutafuta mlango. Unajaza ukishafika mlangoni unatoka.

Swali: Nimeokota makombe na kipande cha tumbawe kizuri, niweke begi lipi?

Jibu: Tumbawe rudisha ufukweni. Matumbawe magumu yako kwenye mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe adimu, CITES, ukivuka nalo mpaka bila kibali wanalichukua na wewe wanakuweka pembeni kwa maelezo wakati ndege inapandisha watu. Makombe inategemea na nchi, waulize forodha kabla hujafunga begi.