Somo: Chumba kinukie, usingizi uje

Wapendwa, wengi mmeniuliza udi gani mzuri wa chumbani. Udi tutaufikia. Ukiufukiza juu ya jasho na unyevu, harufu zinagombana na unaamka kichwa kinauma.

Kwanza, toa kila kibichi. Taulo la kuogea halikai nyuma ya mlango. Vua foronya uunuse mto wenyewe. Ukiona mduara wa manjano, umeipata harufu yako. Ufue, uanike hadi ukauke ndani kabisa. Godoro la sufi litoe juani, ligeuzegeuze, litaumuka kama jipya. Na usitandike kitanda ukiamka tu. Kiache wazi, unywe chai kwanza.

Pili, joto. Huku kwetu Tanga wakati wa kaskazi, bati hubaki na joto hata baada ya magharibi. Fungua madirisha alfajiri, shusha pazia la upande wa jua kabla halijawa kali, fungua tena jioni. Feni itazamishe dirishani nusu saa, mlango ukiwa wazi, isukume joto nje. Ndipo uigeuzie kitandani. Shuka ziwe za pamba.

Tatu, udi. Kaa moja lililoiva kwenye chetezo, kipande kidogo, dirisha wazi, kisha chetezo kitoke nje. Msilale na makaa chumbani hata siku moja: hewa yake mbaya haionekani wala hainuki, na inaua mtu usingizini. Mimi napenda zaidi asumini zilizochumwa jioni, nikaziweka kisahanini karibu na mto. Zinafumbuka usiku, chumba kizima kinanukia polepole.

Swali: Dada, chandarua kipya cha dawa kinaniwasha macho. Nikifue?
Jibu: Hapana, mpenzi. Kitundike kivulini siku nzima, usiku na mchana, ndipo ukitumie. Kikichafuka baadaye, fua taratibu kwa sabuni ya kipande na uanike kivulini. Jua linaharibu dawa.

Swali: Mwanangu ana pumu.
Jibu: Basi udi acha kabisa, pamoja na manukato ya kupuliza. Shuka zake fua kwa maji ya moto kila wiki, na sakafu pigia deki badala ya kutimua vumbi kwa ufagio.

Swali: Nimepanga chumba chenye dirisha moja. Kila masika ukuta unaota ukungu nyuma ya kabati.
Jibu: Livute kabati shubiri moja kutoka ukutani, hewa ipite. Ukungu ufute kwa kitambaa chenye siki, umejifunika pua. Ukirudi palepale, maji yanaingia mahali. Mwite mwenye nyumba akague bati na bomba kabla hajapaka rangi.