Mambo ya kuzingatia kabla ya mechi ili picha za lenzi ndefu zisikose makali

Chukua picha moja kati ya zile zilizokukera mechi iliyopita, ikuze kwenye kompyuta hadi asilimia 100, kisha usimtazame mchezaji. Tazama nyasi. Ukikuta ukanda wa nyasi umekaa kali mita moja nyuma ya viatu vyake, lenzi yako ni nzima. Fokasi ndiyo imeangukia pasipo pake. Ukikuta hakuna kilicho kali popote, na kila kitone cha mwanga kimevutika kuwa kistari cha kuelekea upande mmoja, ni kamera iliyotikisika. Kiwiliwili kikiwa kikali ila mguu na mpira vimeburuzika, shata, yaani pazia la kamera linalofunguka na kufunga, ilikuwa ya polepole. Na picha nzima ikiwa imefifia kama inayoonekana kupitia chandarua, bila mburuzo wowote, shuku joto, uchafu au unyevu. Ni magonjwa manne tofauti, na dawa ya moja haitibu jingine. Wengi huyameza yote kwa jina moja, "lenzi mbovu", wakaanza kutafuta hela ya lenzi nyingine.

Kwa uzoefu wangu, ugonjwa wa kwanza ndio unaoharibu picha nyingi zaidi, na tiba yake huanza nyumbani usiku wa kuamkia mechi. Fikiria lenzi ya milimita 400, tundu limefunguliwa hadi f/2.8, kamera ni ya sensa (kipokea mwanga) kubwa na mchezaji yuko mita 30. Eneo litakalotoka kali, kuanzia mbele hadi nyuma, halifiki hata mita moja kamili. Akisogea hadi mita 15, linabaki kama sentimita 24: ukishika pua, nambari ya mgongoni inaweza kuwa imeshapotea. Sasa mtu anayekuja mbio kwa mita 8 kwa sekunde husogea sentimita 80 kwa sehemu ya kumi ya sekunde. Fokasi iliyoshika ikatulia hapo hapo imeshapitwa kabla kidole hakijamaliza kubonyeza.

Kwa hiyo jambo la kwanza la kukagua ni kama kamera iko kwenye fokasi ya kufuatilia. Kwenye Nikon na Sony utaiona kama AF-C. Kwenye Canon ni AI Servo, au Servo AF kwa kamera mpya. Nalisisitiza hili kwa sababu limeshanifika. Siku moja nilipiga picha za watu waliokaa vitini, nikageuza kamera kwenye fokasi ya kushika na kutulia, kesho yake nikaenda nayo uwanjani vile vile. Kipindi kizima cha kwanza kilikwenda na maji. Kinachoniuma ni kwamba kamera ilikuwa ikiniambia: kila nikigusa kitufe ililia "pii", na kwa kawaida mlio ule hausikiki kwenye fokasi ya kufuatilia. Siku hizi nikisikia "pii" uwanjani nashtuka kama nimeitwa jina.

Ukiwa kwenye menyu hiyo hiyo, tafuta kipengele kinachoamua kipi kitangulie katika fokasi ya kufuatilia: kufyatua au fokasi. Kamera nyingi huja zimewekwa kufyatua hata kama fokasi haijashika, kwa hofu ya kukukosesha tukio. Ukiwa na mfululizo wa picha ambao ya kwanza ni ukungu na ya nne ni kali, hapo ndipo pa kuanzia. Kisha angalia ukubwa wa eneo la fokasi. Ukiiachia kamera uwanja wote ijichagulie, itapenda ubao wa matangazo wenye herufi kubwa kuliko jezi ya rangi moja. Nukta moja, au kundi dogo la nukta lililowekwa usawa wa kifua, humpa mpigaji mamlaka. Kamera zinazotambua macho na nyuso zimepunguza kazi hii, ila kwenye msongamano wa kona huweza kumrukia beki wakati wewe unamtaka mshambuliaji. Kwa fujo kama hizo kuna kipimo cha wepesi wa kuhama: kikiwekwa kizito kidogo, kamera humng'ang'ania wako hata mwingine akikatiza mbele.

Kitufe cha nyuma cha fokasi nakipendekeza, lakini si lazima. Faida yake ni kwamba kidole gumba hubeba fokasi na kidole cha shahada hubeba shata. Kama hujakizoea, usikijaribu siku ya fainali.

Kuhusu shata, hesabu ni fupi. Mkimbiaji yule yule wa mita 8 kwa sekunde, akikatiza mbele yako, husogea sentimita 3.2 shata ikiwa 1/250 ya sekunde, na milimita 8 tu ikiwa 1/1000. Mguu unaopiga mpira una kasi kubwa zaidi ya mwili. Anzia 1/1000, panda hadi 1/2000 mwanga ukiruhusu, na usiku ukiingia pandisha ISO (wepesi wa sensa kwa mwanga) badala ya kushusha shata. Chengachenga zinazotokea kwenye picha zinavumilika na hupunguzwa baadaye. Mburuzo wa mguu haurudi nyuma. Ila ukipiga JPEG, shusha pia kile kisafisha-chenga cha ndani ya kamera. Kikizidi kinaparuza nyuzi za jezi na nywele, nawe utadhani ni fokasi.

Kidhibiti mtikisiko cha lenzi hakimgandishi mchezaji. Kinatuliza mikono yako tu. Kama lenzi ina hali ya kufuata kitu kinachokwenda upande mmoja, ndiyo ya kuweka kwa mbio na baiskeli. Monopodi, mhimili wa mguu mmoja, ni rafiki mwaminifu kuliko yote, hasa dakika ya 70 mabega yakishachoka.

Joto ndilo lisilosemwa vya kutosha. Hewa iliyopata moto juu ya nyasi bandia au njia ya kukimbilia hupanda ikipindapinda, na lenzi ndefu huikuza pamoja na mchezaji. Dalili yake ni ya pekee: katika mfululizo mmoja, mistari iliyonyooka inatoka imepinda picha hii, imenyooka ile, na makali yanakuja na kuondoka bila mpangilio. Hakuna mpangilio wa kamera unaoondoa hilo. Dawa ni kusogea karibu, kuchagua upande ambao hewa ya moto ni kidogo kati yako na mchezaji, au kusubiri jua lipungue. Na usitoe lenzi kwenye gari lenye kiyoyozi ukaanza kazi papo hapo. Vioo vya baridi vikikutana na hewa ya joto yenye unyevu vinafunga umande, kwa hiyo iache ndani ya mkoba uliofungwa hadi izoee.

Filta ya bei rahisi mbele ya lenzi ndefu ivue, halafu ulinganishe. Telekonveta, kipande cha kukuza kinachokaa kati ya lenzi na kamera, nayo ina bei yake: ya mara 2 hula stopu mbili (kila stopu ni nusu ya mwanga), hivyo lenzi ya f/5.6 inakuwa f/11, na kamera nyingi za kioo, yaani DSLR, hupoteza fokasi ya kujiendesha hapo. Lenzi za zumu za kiwango cha kati mara nyingi hulegea zikivutwa hadi mwisho tundu likiwa wazi kabisa. Kubana tundu kwa stopu moja huwa kunatosha.

Jambo dogo linalochekesha: kama unachungulia unaona ukungu lakini picha ziko sawa, zungusha kigurudumu kilicho pembeni ya kijicho cha kuchungulia hadi maandishi ya ndani yasomeke vizuri. Hicho ni cha macho yako, hakigusi picha.

Fika mapema wachezaji wakipasha misuli. Mpige kipa picha kumi, zikuze kwenye skrini hadi usome mshono wa jezi yake. Kama zinakosa makali, mwache kipa. Weka kamera kwenye tripodi, zima kidhibiti, lenga herufi za ubao wa matangazo, piga moja kwa kuchungulia kijicho na nyingine kwa fokasi ya skrini. Zote zikiwa kali, kasoro iko kwenye mipangilio au kwenye mikono. Ikiwa ya skrini tu ndiyo kali, kamera yako ya kioo na lenzi hiyo hazijapatanishwa: kamera kama hiyo hupima fokasi kwa sensa nyingine, na kwenye menyu za kamera nyingi za daraja la juu kuna marekebisho madogo ya kusogeza fokasi mbele au nyuma. Zote mbili zikiwa na ukungu, na kioo ni kisafi, peleka lenzi kwa fundi, na picha hizo mbili ziende nayo.