Prosesa ya video kwa kamera ya kuvaa: anza na betri

Ukitafuta prosesa (chipu inayochakata video) ya kamera ya kubandika kifuani, weka 4K, yaani ukali mkubwa wa picha, pembeni kwanza, piga hesabu ya betri. Betri ya mAh 1,000 yenye volti 3.7 ina Wh (wati-saa) 3.7 tu. Kamera nzima ikila wati 1.5, una kama saa mbili na nusu, na hapo Wi-Fi haijawashwa.

Kisha hakikisha ubanaji wa video, yaani kuipunguza ukubwa kwa viwango kama H.264 au H.265, una sakiti yake maalumu ndani ya chipu. Ikiwa kazi hiyo inabebeshwa CPU (sehemu ya chipu ya kazi za jumla) kwa programu, achana nayo: chaji itaisha upesi na kamera itachemka, na nani atavaa kitu kinachomchoma kifua?

Wengi husahau RAM, kumbukumbu ya muda ya kamera. Fremu (picha) moja ya 1080p, yaani nukta 1920 kwa 1080, kabla ya kubanwa (kwa mfumo wa rangi wa YUV 4:2:0, biti 8) ni takriban MB 3.1, kwa fremu 30 kwa sekunde ni kama MB 93 kila sekunde. Kusafisha chengachenga, kutuliza mtikisiko, kubana: karibu kila hatua huisoma au kuiandika upya, na kila safari ya kwenda RAM inakula umeme. Chipu inayopunguza safari hizo ina faida kuliko yenye GHz (kasi) nyingi.

Wati zilizoandikwa kwenye kipeperushi zaweza kuwa za chipu peke yake, bila sensa (kihisi cha picha) wala RAM. Omba bodi ya majaribio, upime mwenyewe ikiwa inarekodi, halafu ikiwa imelala.