Ukienda mkutano KICC, usitoke kabla hujapanda juu
Kama umealikwa mkutano pale KICC, lile jumba la mikutano la Kenyatta jijini Nairobi, usikae tu ukumbini unapiga chai na mandazi halafu huyo umeenda, panda paa. Jengo lina ghorofa 28 na huko juu kuna helipedi, yaani pa kutua helikopta, ambapo wageni huruhusiwa kusimama, lifti haikufikishi mwisho kabisa so ngazi kidogo utazipanda kwa miguu, na beba kitambulisho maana Mkenya na mgeni hawalipi bei moja. Chagua siku haina mawingu, utaona Bunge hapo chini, Uhuru Park, na kwa mbali vilima vya Ngong. Upepo ni mkali, kofia shikilia. Na gari acha nyumbani jamani, paking ya tao, yaani katikati ya jiji, asubuhi ni vita.