Somo: Jinsi ya kununua spika za zamani za mtumba na kuzirudishia sauti yake ya awali

Ndugu wanachama, somo hili nimelieleza kwa kufuata pea moja tu ya spika, AR18 za kampuni ya Acoustic Research, kwa sababu ndizo nilizozifungua kwa mikono yangu mwenyewe na ndizo ninazozisikiliza hadi leo sebuleni kwangu Dar es Salaam. Kasoro nilizozikuta ndani yake ndizo mtakazozikuta katika spika nyingi za miaka ya 1970 na 1980 zinazoshuka bandarini ndani ya makontena ya vyombo vya ndani. Naomba jambo moja lieleweke tangu mwanzo: tunachokifanya hapa ni kurudisha, si kubuni. Wahandisi waliopima wufa (spika kubwa ya ndani inayotoa besi), boksi na krosova (sakiti inayogawa sauti kati ya spika za ndani) vikafanya kazi pamoja walijua walichokuwa wakikifanya, na spika nyingi za zamani nilizoona zimeharibika kabisa ziliharibiwa na mkono wa mtu aliyetaka kuzifanya ziwe bora kuliko zilivyoundwa.

Acoustic Research ilianzishwa mwaka 1954 huko Cambridge, Massachusetts, nchini Marekani, na Edgar Villchur pamoja na Henry Kloss, na mwaka huo huo ikatoa spika yake ya kwanza, AR-1. Wazo la Villchur lilikuwa kuifunga hewa ndani ya boksi lisilovuja, kisha kuiachia hewa hiyo iwe ndiyo springi inayoirudisha koni (sehemu ya mbele inayotetemeka kutoa sauti), badala ya kutegemea ugumu wa ukingo wake na wa spaida (kitambaa chenye mikunjo kinachoishikilia koni kwa nyuma). Kwa njia hiyo boksi dogo la kuwekwa kwenye rafu liliweza kutoa besi ambayo kabla ya hapo ilihitaji kabati kubwa. AR18, yenye wufa ya inchi 8 na twita moja (spika ndogo ya sauti nyembamba), ni mjukuu wa wazo hilo. Ninalieleza kwa sababu kila uamuzi wa ukarabati unatoka humo: ukingo wa koni lazima uwe mlaini, na boksi lazima lizibwe sawasawa.

Hatua ya kwanza ni kununua, na hapa msiwe na haraka hata kama dalali anawaambia kuna mteja mwingine yuko njiani. Ondoa kitambaa cha mbele kwa upole, kisha uguse ukingo wa sponji unaoizunguka koni. Sponji hii ni ya poliyurethani, na huoza yenyewe kwa unyevu na mwanga baada ya miaka 15 hadi 25, iwe spika imetumika au imekaa stoo. Ikiwa imeoza, itabaki kidoleni kama masizi yanayonata, na pengine kipande kizima kitakatika kwa mguso huo mmoja. Muuzaji akiona hivyo atafadhaika; mwambie ukweli kwamba tatizo hilo linatibika, kisha patana naye bei kwa sababu hiyo. Sponji iliyooza peke yake haijawahi kunizuia kununua.

Linalonizuia ni koili, yaani waya uliozungushwa nyuma ya koni, unaotembea ndani ya sumaku. Tandaza vidole vinne kuizunguka kofia ya katikati, sukuma koni ndani taratibu kwa milimita chache, huku sikio likiwa karibu. Koni nzima huingia kimya. Ukisikia mkwaruzo mkavu, kama karatasi ya msasa inayopita juu ya ubao, basi koili inagusa sumaku: huenda imeungua ikavimba, huenda fremu imepinda baada ya kuanguka, au huenda ni sponji iliyokatika upande mmoja imeiachia koni ilale. Sababu ya mwisho inatibika. Mbili za kwanza ni hasara. Baada ya hapo chukua multimita (kifaa cha kupimia umeme) na upime kwenye terminali za nyuma, pale waya zinapounganishwa. Spika ya omu 8 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme) kwa kawaida husoma kati ya 5.5 na 7, na muhimu kuliko namba yenyewe ni kwamba spika zote mbili zikaribiane. Kumbukeni kwamba kipimo hiki hakisemi lolote kuhusu twita, kwa kuwa kapasita iliyo mbele yake, kifaa cha krosova kinachopitisha sauti nyembamba tu, huzuia umeme wa multimita. Kwa twita hakuna njia nyingine ila kuunganisha amplifaya, kuweka sauti ya chini na kutega sikio mbele ya kila moja. Mimi hubeba amplifaya ndogo kwenye begi, na muuzaji anayekataa spika zake zisijaribiwe huwa namuaga kwa heshima nikaondoka.

Kwa upande wa boksi, ligeuze uangalie chini. Boksi nyingi za wakati huo ni za chipubodi iliyofunikwa kwa vinia au karatasi yenye sura ya mbao, na chipubodi iliyonyweshwa maji huvimba pembeni isirudi tena. Angalia pia vitundu vya bungua na njia za mchwa. Mikwaruzo isiwatie hofu.

Hatua ya pili ni kuvua wufa. Laza spika chali juu ya blanketi, legeza skrubu kwa kuzunguka kwa mshazari, kisha inua fremu polepole kwa sababu sumaku ni nzito na waya ni mfupi. Kabla hujakata chochote, piga picha ya waya zote na uandike upi ulitoka kwenye terminali yenye alama ya chanya. Pamba iliyo ndani isitupwe wala isiongezwe. Iwapo ni ya nyuzi za kioo, vaa barakoa na glavu, uirudishe kiasi kile kile.

Hatua ya tatu, ambayo ndiyo kiini cha somo, ni kubadilisha sponji. Msiagize sponji kwa kusema tu kwamba spika ni ya inchi 8, kwa kuwa wufa mbili za inchi 8 zinaweza kuhitaji sponji tofauti kabisa. Pimeni kipenyo cha koni, upana wa mkunjo wa sponji ya zamani kama bado unaonekana, na kipenyo cha ndani na cha nje cha sehemu ya fremu inayobeba gundi, kisha mtume vipimo hivyo kwa muuzaji. Wauzaji wa Ulaya na Marekani huzituma kwa bahasha, nazo ni nyepesi.

Mabaki ya sponji kwenye fremu huondolewa kwa kisu butu na kufutwa kwa spiriti. Kwenye koni ya karatasi kazi ni tofauti: tumia kucha na kitambaa kilicholowa kidogo sana, ukienda sentimita moja moja, kwa sababu karatasi ikichanika umepoteza koni. Mimi hutumia jioni nzima kwa koni mbili na sijawahi kujuta. Gundi iwe nyeupe ya maseremala, ile inayoyeyuka kwa maji, kwa kuwa hukauka taratibu na kukupa nafasi ya kurekebisha. Katika kazi yangu ya kwanza nilitumia gundi ya viatu, ikashika papo hapo huku koni ikiwa imeegemea upande mmoja, na nikalazimika kukata sponji mpya niliyoisubiri wiki sita. Kwa hiyo ninasisitiza: kwanza unganisha sponji na koni peke yake, uiache ikauke hadi kesho yake, ndipo uje kwenye fremu.

Siku ya pili, paka gundi kwenye fremu, laza ukingo wa sponji, kisha uiweke koili katikati. Ninayoipenda ni njia ya sauti: unganisha wufa na amplifaya, tumia programu ya simu inayotoa wimbi safi la hezi 30, na ufungue sauti kidogo tu hadi uone koni inatembea milimita mbili au tatu. Ikiwa koili imekaa sawa, chumba kitakuwa karibu kimya, utahisi upepo tu kwenye kiganja. Ikiwa haijakaa sawa, utasikia mkoromo. Sogeza sponji kwa ncha ya kidole upande mmoja, kisha mwingine, hadi mkoromo upotee. Ukishapotea, bana ukingo kwa vibanio vya nguo vya mbao ukizunguka fremu yote, usubiri saa 24 bila kuigusa.

Hatua ya nne ni krosova. Ya AR18 ni sahili sana, lakini kapasita yake ina umri wa zaidi ya miaka 40. Kapasita za elektroliti hukauka, na dalili yake ni twita kufifia: sauti ya mwimbaji inakuwa kama imefunikwa shuka. Soma maikrofaradi (kipimo cha ukubwa wa kapasita) zilizoandikwa juu yake na ununue zenye kiasi kile kile, za plastiki aina ya polipropilini, za volti 100 au zaidi. Zitakuwa kubwa kwa umbo. Zifungeni vizuri zisitingishike. Angalizo kubwa: kapasita za kawaida zilizojaa kwenye maduka ya vipuri vya redio zina upande wa chanya na hasi, nazo hazifai hapa zikitumika moja moja. Mafundi redio wa zamani huunga mbili mfululizo, hasi kwa hasi, na mbili za maikrofaradi 10 zikiungwa hivyo hutoa 5. Hilo linafaa wakati unasubiri iliyo sahihi.

Hatua ya tano ni kufunga. Weka utepe mwembamba wa sponji chini ya fremu ya wufa, kaza skrubu kwa mshazari bila kutumia nguvu nyingi, kisha ujaribu uvujaji kwa kusukuma koni ndani na kuiachia. Katika boksi lililozibwa vizuri koni hurudi polepole, kana kwamba inasitasita. Ikirudi kwa kurupuka, kuna tundu, na mara nyingi liko kwenye terminali za nyuma. Mwisho kabisa gusa betri ya volti 1.5 kwenye terminali kwa sekunde moja, chanya kwa chanya, kwenye kila spika: wufa zote mbili zisogee upande mmoja. Zikipishana, besi itapotea hata kama kila kitu kingine ni sahihi.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama wa Tanga: Shikamoo mwalimu. Fundi wangu anasema sponji haifai kwa hewa ya pwani na anataka kuniwekea ringi ya mpira ambayo haiozi. Je, nimkubalie?

Marahaba ndugu yangu. Fundi wako anasema kweli kwamba mpira hudumu zaidi, lakini usimkubalie kwa spika iliyoundwa kwa sponji. Mpira ni mzito na kwa kawaida ni mgumu zaidi. Ukiuweka, wufa itaanza kutetemeka kwa kiasi tofauti na kile ambacho boksi lilipimiwa, na besi itabadilika. Zile zilizotoka kiwandani na mpira, ziachwe na mpira wake. Vilevile zilizotoka na kitambaa, kama JBL L100 za mwaka 1970, zisibandikwe sponji. Ili sponji ikae muda mrefu, weka spika mbali na dirisha linaloingiza jua na mbali na upepo wa moja kwa moja wa bahari.

Mwanachama wa Nairobi: Wufa moja haisomi chochote kwenye multimita, ile nyingine ni nzima. Duka moja limenishauri nifunge wufa mpya ya kawaida ya inchi 8.

Kwanza kagua nyaya nyembamba zilizosukwa zinazotoka kwenye terminali ya wufa hadi kwenye koni, kwa sababu mara nyingi huwa zimekatika hapo na kulehemu kwa risasi kunatosha. Ikiwa koili ndiyo imekatika, tafuta wufa ya modeli ile ile, yenye namba ile ile nyuma ya sumaku, hata kama itakuja ikiwa na sponji iliyooza. Wufa ya kawaida itaingia kwenye tundu na itatoa sauti, ila pea yako itakuwa na spika mbili tofauti, na sauti ya mwimbaji haitasikika tena ikitoka katikati ya spika mbili.

Mwanachama wa Muscat: Wajukuu wamebonyeza kuba za twita zangu, yaani ile sehemu ya mviringo iliyotuna mbele. Je, zinatengenezeka?

Kama kuba ni la kitambaa, bandika utepe wenye gundi hafifu juu ya bonyeo na uuvute taratibu, ukirudia mara kadhaa badala ya kutumia nguvu mara moja. Kuba la chuma huvutwa kwa shida na hubaki na alama, kwa hiyo kama sauti ni safi liache lilivyo. Lakini mzee wangu, nakuomba uangalie kwanza ni modeli gani. Yamaha NS-1000 za mwaka 1974 zina kuba za berili (metali nyepesi), na vumbi la berili ni sumu kwa mapafu. Hizo usizikwangue, usizipige msasa, na zikivunjika usizishike kwa mkono mtupu.

Mwanachama wa Mombasa: Nimepata amplifaya ya Japani ya kuendesha spika zangu, nyuma imeandikwa volti 100. Naweza kuichomeka nyumbani kwa waya wa kawaida?

Hapana dada, usiichomeke. Umeme wa Kenya ni volti 240, na transfoma ya ndani itaungua kwa dakika chache, pengine ikaziunguza na spika zako. Nunua transfoma ya kushusha hadi volti 100 hasa, si 110, yenye wati zinazozidi zile zilizoandikwa nyuma ya amplifaya. Ukishaipata, pima kwa multimita volti zinazotoka kabla ya kuunganisha kitu chochote, na siku ya kwanza iwashe amplifaya bila spika kwa nusu saa huku ukiigusa mara kwa mara kuona kama inapata joto lisilo la kawaida.