Somo: Mguu ndio upimwe, namba ya kiatu ifuate

Namba iliyopigwa kwenye soli haitoshi kuchagulia kiatu. Katika mfumo wa Ulaya tofauti ya urefu kati ya namba moja na inayofuata ni theluthi mbili za sentimita, katika mfumo wa Uingereza ni theluthi moja ya inchi, na kwa kuwa kila kiwanda kina kalibu zake, yaani maumbo ya mguu yanayotumika kuundia viatu, 40 ya kiwanda kimoja huweza kubana na ya kingine ikapwaya.

Hatua ya 1. Pima miguu jioni, kwa sababu huvimba kidogo kadiri siku inavyokwenda. Simama juu ya karatasi, uzito ukielemea miguu yote miwili sawasawa, na mtu mwingine achore mzingo wa wayo akishika penseli wima. Ukiinama kujichorea, uzito huhama na mchoro hupotoka. Pima kutoka kisigino hadi ncha ya kidole kirefu kuliko vyote, ambacho huenda kikawa cha pili wala si gumba, kisha upime upana. Mguu ulio mkubwa ndio unaoamua.

Hatua ya 2. Ikiwa soli ya ndani inatoka, itoe uisimamie. Vidole vikivuka ukingo wake, kiatu hicho kitavibana hata kama urefu unatosha.

Hatua ya 3. Vaa viatu vyote viwili, pamoja na soksi unazokusudia kuvalia, usimame. Mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya sentimita 1 hivi, na ukitembea kisigino kisipande na kushuka, maana msuguano huo ndio unaoleta malengelenge. Kiatu kipinde pale vidole vinapoanzia, si katikati ya wayo.

Ukiambiwa kwamba kitalegea, tafadhali usikubali. Ngozi hutanuka kidogo kwa upana, lakini kiatu kifupi hakirefuki, na kidole kinachogusa ncha leo kitaendelea kugongwa kwa kila hatua mpaka ukucha uwe mweusi.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, je, nimnunulie mtoto kiatu kikubwa ili akue nacho?*
Hapana. Kiatu kinachopwaya humlazimu kukunja vidole ili kisimvuke, tena humkwaza. Ile sentimita 1 inamtosha. Mpime upya kila baada ya miezi michache.

*Kazini ninatakiwa kuvaa viatu vya mchuchumio. Nifanyeje?*
Kadiri kisigino kinavyoinuka, ndivyo uzito unavyohamia mbele, chini ya vidole. Chagua kisigino kifupi na kipana, na njiani uvae viatu bapa.

*Mama yangu ana kisukari na nyayo zake zimekufa ganzi. Atajuaje kwamba kiatu kinambana?*
Ndugu yangu, asitegemee maumivu, kwa kuwa huenda asiyasikie. Apimwe kwa karatasi kama tulivyoeleza, apapase ndani ya kiatu kila anapotaka kuvaa, kwani hata kokoto ndogo humjeruhi, na nyayo zikaguliwe kila siku. Mkiona wekundu usioisha, lengelenge au kidonda, mpelekeni kwa daktari bila kuchelewa.