Mbichi ni 'fresh' au 'raw'? Namna ya kutenganisha maneno ya Kiingereza

Wafanyabiashara wa samaki pale Mwaloni Kirumba, soko la samaki hapa Mwanza, huniletea simu zao niwajibie wateja wa nje kwa Kiingereza. Jioni nafundisha vijana wa boti, wale wanaovusha wageni kwenda kisiwa cha Saanane. Maneno wanayo tele. Kinachowaangusha ni kwamba kila neno la Kiswahili wameliozesha mume mmoja wa Kiingereza, basi wanakwenda naye kila shughuli.

Ushauri wangu: usianzie kwenye Kiingereza. Anzia kwenye neno la Kiswahili unalolitumia kila siku, uangalie limebeba mambo mangapi.

Tuchukue 'mbichi'. Sato aliyetolewa ziwani alfajiri ni mbichi. Samaki ambaye hajaonja moto ni mbichi. Ndizi ni mbichi, kuni nazo mbichi. Utajuaje neno la kumpa mteja? Tafuta kinyume. Kama kinyume unachokiwazia ni samaki aliyelala, aliyekaushwa au aliyegandishwa, sema 'fresh'. Kama ni aliyepikwa, sema 'raw'. Kama ni tunda lililoiva, basi bichi lake ni 'unripe'. Kuni mbichi huitwa 'green', hata gome likiwa jeusi tii. Usiniulize mimi, waulize wenyewe.

Kwenye biashara ya sangara hapo pana pesa, kwa hiyo nenda taratibu. Minofu iliyolazwa kwenye barafu bila kuganda ni 'chilled', na kwa kawaida husafiri kwa ndege kwa sababu haiwezi kungoja. Iliyogandishwa ikawa ngumu kama ubao ni 'frozen', hiyo inavumilia meli. Zote mbili wewe unaziita za baridi, lakini mnunuzi wa Ulaya anaziona kuwa bidhaa mbili tofauti, zenye bei mbili. Dagaa waliokaushwa ni 'dried', kwa maana kuna mtu aliyewaanika. Ukiandika 'dry', msomaji anaweza kudhani unalalamika kwamba mboga haina mchuzi.

Kipimo cha pili ni mwelekeo. 'Kuazima' kwetu huenda na kurudi: niazime nyavu, nimeazima nyavu kwake. Kiingereza hakikubali. Kitu kikija kwako ni 'borrow', na nyuma yake hufuata 'from'. Kikitoka kwako ni 'lend', na hufuata 'to'. Ukichanganyikiwa, kimbilia pesa: kukopa ni 'borrow', kukopesha ni 'lend'. Hapo Kiswahili chenyewe kimeshakutenganishia.

Vijana wa boti, hili ni lenu. Mgeni Mwingereza akitaka boti kwa saa mbili atasema 'hire'. Chumba cha kuishi mwezi mzima ni 'rent'. Akiitaka boti yote iwe ya kundi lake peke yake, ni 'charter'. Mmarekani yeye atasema 'rent' hata kwa gari la siku moja. Msibishane naye, mtajieni bei.

Mahali nako kuna mitego. Ziwa lina 'shore', mto una 'bank', na 'coast' tuwaachie watu wa Tanga na Bagamoyo, maana hiyo ni ya bahari. 'Beach' ni pale penye mchanga au kokoto unapoweza kutandika khanga. Kwa hiyo Capri Point, mahali ambapo majabali yanazama moja kwa moja majini, pana 'shore' lakini hapana 'beach'. Majabali yenyewe ni 'rock', kama Bismarck Rock, lile jabali la ziwani hapa Mwanza. Lile unaloweza kuliokota ni 'stone', ingawa Wamarekani hurusha hata 'rock'.

Kivuli cha kupumzikia ni 'shade'. Chenye umbo lako, kinachokufuata, ni 'shadow'.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini Kiingereza kina maneno mengi hivi. Sababu moja ni historia: mwaka 1066 Wanormani kutoka Ufaransa waliiteka Uingereza, na Kifaransa chao kikakaa mezani kwa wakubwa. Ng'ombe akiwa zizini ni 'cow', nyama yake ni 'beef'. Nguruwe ni 'pig', nyama yake ni 'pork'. Samaki walimsahau, nashukuru: ni 'fish' majini na sahanini.

Sasa chukua daftari. Usiandike maana, andika sentensi nzima ambayo wewe mwenyewe ungeisema kazini, na pembeni uandike kinyume chake. Kisha fungua kamusi ya Kiingereza kwa Kiingereza ya wanafunzi, usome mifano yake kabla ya maelezo. Anza na '-zito': mzigo, uji, usingizi. Mzigo ni 'heavy', kinyume chake 'light'. Uji kinyume chake ni 'thin', wa majimaji, kwa hiyo wenyewe ni 'thick'. Usingizi nakuachia.